Wepesi wa Mkono na Ubingwa wa Bao

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Ngamiani mjini Tanga, au aketiye barazani Pangani baada ya sala ya alasiri, mara nyingi huona bao limewekwa baina ya watu wawili na kundi la watazamaji limelizunguka. Kabla mchezo haujafika mbali, mmoja wa watazamaji hutoa sifa ambayo hutolewa upesi kuliko sifa zote nyingine: mkono wa fulani ni mwepesi. Sifa hii haikuzuka bure. Komwe za mkomwe, mti wa miiba uotao wenyewe kandokando ya fukwe za Mrima, zina ugumu na mlio wake. Na mkono wa mzoefu huzitia mashimoni moja moja kwa mfululizo usiokatika, kama mvua ya kwanza juu ya paa la bati. Mgeni asikiaye mlio huo kwa mara ya kwanza huamini kwamba ameuona ubingwa wenyewe. Linalostahili kuulizwa ni kama kweli ameuona, au ameona kivuli tu cha kitu kilicho mbali na macho yake.

Swali hilo ni la zamani barazani, walakini limepata uzito mpya tangu ilipozuka michezo ya vita ichezwayo kwa kompyuta. Katika StarCraft, mchezo uliotolewa mwaka 1998 na kampuni ya Blizzard ya Marekani, hapana zamu. Mchezaji hangoji mwenzake amalize; wote wawili hujenga, huchimba mali, hupeleka majeshi na hupigana kwa wakati mmoja, na kila amri hutolewa kwa kidole juu ya kitufe au juu ya kipanya. Korea ya Kusini iliufanya mchezo huo kuwa kazi ya mshahara, wenye timu zao, mashindano yao na hata stesheni za televisheni za kuuonyesha. Huko kikaenea kipimo ambacho hakijapata kusikika katika baraza yoyote: hesabu ya vitendo kwa dakika. Mwanafunzi hutenda makumi kadhaa, mtu wa mashindano hupita 300, na namba huandikwa kwenye kioo ili kila mtu aione. Kijana aliyezoea hesabu hiyo akija kuketi karibu na bao, si ajabu akiuangalia mkono wa mzee kwa jicho lile lile na kuuliza unatia kete ngapi kwa dakika.

Nguvu ya namba ni dhahiri. Kuujua mchezo mzuri na kuutenga na mchezo mbaya kunataka miaka ya kutazama; kujua kwamba 400 ni zaidi ya 200 hakutaki hata dakika moja. Namba humpa asiyejua ruhusa ya kuhukumu. Kwa sababu hiyo hupendwa na watangazaji, na waandishi wa habari, na watazamaji waliofika jana, na hata wachezaji wenyewe wanapotaka kujisifu mbele ya watu wasioweza kuwapima kwa njia nyingine. Wapo pia wanaodhani kwamba jambo lote hukatwa kwa methali, wakisema haraka haraka haina baraka, wakanyamaza kama watu waliokwisha kutoa hukumu. Lakini lugha hiyo hiyo husema kwamba ngojangoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali ni mashahidi wa pande zote mbili. Hazifai kuwa kadhi.

Yafaa kwanza kulitazama bao lenyewe, kwa kuwa ndani ya sheria zake kuna jibu ambalo michezo mipya haikulitoa kwa uwazi namna hiyo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo 8. Mchezo huanza kwa kete 10 tu za kila upande zikiwa zimekwisha kupangwa: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yanayoifuata, 22 zilizosalia hukaa mkononi, zikaingizwa moja moja, zamu kwa zamu, katika sehemu ya kwanza ya mchezo iitwayo namua. Zikiisha za mkononi huja mtaji, ambapo kila mkondo huanza kwa kete zilizomo ubaoni. Mchezaji akila, kete alizozila hazitolewi nje kama zitolewavyo katika drafti. Huzitia upande wake, akianzia kichwani. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la mshindani lililo mkabala nalo likawa na kitu, hula tena. La mshindani likiwa tupu, huzoa zilizomo katika lake na kuendelea kuzitia. Mkondo haukomi mpaka kete ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo mchezaji husemwa kuwa amelala.

Sasa na aangalie msomaji ni mara ngapi katika mkondo huo mchezaji amechagua jambo. Amechagua shimo la kuanzia. Amechagua upande wa kuelekea. Huenda akachagua kichwa cha kuanzia kuzitia kete alizozila mwanzo, na kama nyumba yake ingali hai, huenda akachagua ilale au isafiri. Yaliyobaki yote ni amri ya sheria. Mkono huzunguka, hula, huzoa, huzunguka tena, na kete nyingi hupita vidoleni. Lakini akili haiamui tena neno lolote, kwa kuwa njia yote ilikwisha kuwekwa tangu kete ya kwanza ilipoangushwa. Vitendo 40 vya mkono huweza kuwa ni uamuzi mmoja.

Kwa hiyo mtu akiweka saa kando ya bao na kuhesabu kete zitiwazo kwa dakika, atakuwa amepima kitu gani? Atakuwa amepima urefu wa mikondo, na urefu huo hutegemea kete zilivyokaa, si yule anayezitia. Mchezaji aliyebakiwa na kete chache ataonekana mzito hata akiwa na vidole vya mpiga kinanda. Na lililo baya zaidi, kipimo hicho kitaidharau michezo ambayo wajuzi huishangilia kuliko yote. Yuko mchezaji ambaye, alipokuwa na nafasi ya mkondo mrefu wa kula mara nne, aliuacha akachagua mfupi, kwa kuwa aliona kwamba ule mrefu ungemwagia kete mahali ambapo mshindani angezila zote kwa zamu moja. Yuko mwingine asiyeweza kula kitu, akatakata kwa kete mbili tu, na kwa kete hizo mbili akamfunga mwenzake njia zote. Kete mbili, kisha kimya. Watazamaji wapya hawakuona kitu. Wazee walikohoa wakatazamana.

Hata hivyo ingekuwa makosa kusema kwamba wepesi wa mkono wa bingwa hauna maana. Maana yake ni kubwa, ila haikai pale inapotafutwa. Mkono wa bingwa huenda mbio kwa sababu hauna jambo la kuuliza njiani. Kabla hajagusa kete, amekwisha kuufuata mkondo wote kwa kichwa, amejua utalala shimo gani na utaacha nini nyuma yake. Kutia kete kwake ni kama karani kusoma kwa sauti barua aliyokwisha kuiandika. Mwanafunzi naye aweza kuwa na mkono wa mbio, pengine mbio zaidi kwa kuwa vidole vyake ni vya ujana; lakini yeye hutia kete ili ajue zitafika wapi. Kwa nje mikono hiyo miwili hufanana kama pacha. Hutofautiana mahali pamoja tu, nako ni mwisho wa mkondo: mwanafunzi hushtuka, bingwa hashtuki. Atakaye kuupima ubingwa na autazame utulivu uliotangulia mwendo, na uso wa mchezaji baada ya mwendo. Mwendo wenyewe ni mlio wa komwe.

Liko jambo la pili ambalo watazamaji hulisahau, nalo lahusu haki. Bao halina msimamizi. Msimamizi wake ni jicho la mshindani, ambaye sharti aione kila kete inakoangukia ili ajue kwamba haikurukwa shimo wala hazikuangushwa mbili pamoja. Baina ya watu wawili waliolingana, mkono wa mbio haudhuru, maana aliyekaa mbele naye ameuona mkondo wote kabla haujaanza na huusindikiza kwa macho kama mtu amsindikizaye mgeni katika njia aijuayo. Baina ya mkubwa na mdogo mambo hubadilika. Mbele ya anayejifunza, mkono wa mbio ni kama msemaji anayetumia maneno magumu mbele ya mtu mwenye madai: madai hayakujibiwa, mwenye madai amenyamazishwa. Mchezaji mchanga hushindwa bila kujua alishindwa wapi, na huona haya kuomba mkondo urudiwe. Mabingwa wenye adabu hulijua hili, na wachezapo na mtoto hupunguza mwendo wa mkono bila kupunguza ukali wa mchezo. Kama wepesi ungekuwa ndio ubingwa, adabu hiyo ingekuwa ni kujitia ujinga. Lakini hakuna barazani aonaye hivyo.

Pwani ya kaskazini, kuliko mahali pengine popote nchini, ingepasa kuifahamu tabia ya kuhesabu mikono, kwa kuwa iliwahi kuhesabiwa sana. Katika miche 1,000 ya mkonge ambayo Daktari Richard Hindorf aliiagiza kutoka Florida, 62 tu ilifika hai, ikapandwa mwaka 1893 Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo yakatokea mashamba yaliyoenea nyuma ya Tanga, Muheza na Korogwe, mpaka Tanganyika ikawa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge katika miaka ya 1950. Mashamba hayo yalitaka watu, na watu walitaka kupimwa. Mkataji alipewa kazi ya kipimo, majani kadhaa yaliyofungwa mafungu mafungu. Akiyatimiza, siku yake ilitiwa alama katika kipande, na alama 30 zilipotimia ndipo alipopewa ujira wa mwezi. Waliokuja kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, jina lililotokana na neno namba, na halikuwa jina la sifa.

Katika kazi ile hesabu ilikuwa na mantiki yake, hata kama haikuwa na huruma. Jani la mkonge ni sawa na jani la mkonge. Aliyekata mafungu mengi alikata zaidi ya aliyekata machache, na mwenye mashine ya kusaga majani hakuwa na haja ya kuuliza mkataji alikuwa akifikiri nini. Hapo ndipo ulipo mpaka wa hesabu ya namna hii: hufaa pale ambapo kitendo kimoja chalingana na kingine, na ambapo anayehesabu hatafuti ila wingi. Vitendo kwa dakika ni kipande kilichoingizwa mchezoni. Hakikutoka katika mashamba ya Tanga kwa nasaba, lakini kwa tabia ni ndugu yao. Humchukua mtu aliyeketi kucheza, tena kwa hiari yake, akampima kama mkataji. La kushangaza ni kwamba mchezaji mwenyewe hukibeba kipande hicho kwa fahari, jambo ambalo manamba hakulifanya kamwe.

Kwa haki, yapasa kuusikiliza upande wa pili, maana bao na StarCraft si mchezo mmoja. Bao lina zamu. Kete hungoja, mtu akifikiri muda mrefu watazamaji watanung'unika, lakini hakuna kete itakayoliwa kwa sababu ya manung'uniko. Katika mchezo usio na zamu, kufikiri kwenyewe kuna gharama, kwa kuwa adui hutenda wakati wewe wafikiri. Tena huko hapana sheria inayoumaliza mkondo kwa niaba ya mchezaji. Kila askari anayegeuzwa, kila nyumba inayojengwa, ni amri iliyotolewa peke yake. Mtu mwenye fikra za jemadari na vidole vya kobe atashindwa na mtu wa fikra za kawaida ambaye vidole vyake humtii. Basi wepesi huko ni sharti la kuingia, kama pumzi ilivyo kwa msomaji wa utenzi: asiye na pumzi hawezi kusoma beti nyingi mbele ya watu, lakini hakuna aliyepata kusifiwa kuwa msomaji bora kwa sababu ya kifua chake.

Ushahidi wa jambo hili ulitoka mahali ambapo haukutazamiwa. Mwezi wa Januari 2019 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kwamba programu yake iitwayo AlphaStar iliwashinda wachezaji wawili wa kulipwa wa StarCraft II, Dario Wünsch wa Ujerumani na Grzegorz Komincz wa Poland, kila mmoja 5 kwa 0. Kisha katika mchezo wa mwisho, ulioonyeshwa kwa watu ulipokuwa ukichezwa, Komincz akaishinda. Hesabu za vitendo zilitolewa pia. Programu ilitenda kwa wastani mara 280 hivi kwa dakika. Komincz alitenda 390. Wünsch alitenda 678. Kama hesabu ndiyo hukumu, basi bingwa wa siku zile alikuwa Wünsch, aliyeshindwa mara 5 asishinde hata moja.

Ufafanuzi wake ni wa kufundisha. Sehemu ya ile 678 ilitokana na kitufe ambacho kikishikiliwa huikariri amri moja mara nyingi. Wachezaji wa michezo hii wana na desturi nyingine: dakika za mwanzo, wakati bado hakuna la kufanya, hugonga vitufe bure ili kuvipasha moto vidole, na kila mgongo huingia katika hesabu. Ni kama mchezaji wa bao aliyeshika kete zake 22 akawa anazichezesha kiganjani akingoja zamu, kisha mtu akamhesabia kuwa ametia. Na kwa upande wa programu, wastani wa 280 ulificha kinyume chake. Wajuzi waliotazama vita vyake na Komincz walilalamika kwamba katika mapigano makali iliruka kupita vitendo 1,000 kwa dakika, kila kimoja kikiwa sahihi, ikiwageuza askari wake katika pande tatu kwa wakati mmoja kwa namna ambayo hakuna mkono wa binadamu uwezao. Namba moja ilimtukuza aliyeshindwa kwa vitendo vitupu, na namba nyingine ikaistahi mashine iliyoshinda, mahali pengine, kwa vidole ambavyo haina. Waundaji walipochapisha kazi yao katika jarida la Nature, mwezi wa Oktoba 2019, programu ilikuwa imewekewa mpaka wa vitendo 22 katika kila sekunde 5. Na ndani ya mpaka huo ilipanda juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji walioorodheshwa.

Hapo hesabu ilipata kazi yake halali. Iliacha kuwa tuzo, ikawa uzio. Wanafunzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa sana tofauti hiyo. Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, alifundisha kuhesabu vina na mizani, na tangu hapo wengi wamehesabu kwa vidole. Lakini hakuna aliyesema kwamba mshororo wa mizani 16 ni bora mara mbili kuliko wa mizani 8. Mizani huonyesha mahali ambapo kazi ya mshairi yaanzia. Hemedi bin Abdallah alBuhriy alipotunga utenzi wake juu ya vita vya Wadachi vilivyoizukia Pangani mwaka 1888, alijifunga ndani ya uzio mwembamba wa mizani 8, na msomaji wa leo hamwulizi alitumia siku ngapi kutunga.

Tena ushairi wa pwani una mwendo wa namna mbili, wala haukuwahi kuulazimisha mmoja uwe hakimu wa mwingine. Katika ngoma za kujibizana, mtunzi aliyetupiwa fumbo alitakiwa kujibu papo hapo, mbele ya watu, kabla ngoma haijapoa. Aliyechelewa alishindwa hata kama jibu lake la kesho yake lilikuwa zuri. Lakini gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa la kila mwezi. Mshairi wa Tanga aliyesoma humo shairi la kumchokoza alikuwa na siku nyingi za kuliweka chini ya mto wake, kulitafakari, kuandika jibu, kulifuta na kuliandika tena kabla halijachukuliwa na posta kwenda Dar es Salaam. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliandika katika kurasa hizo. Waliosikiliza ngoma na waliosoma gazeti mara nyingi walikuwa watu wale wale. Walijua kwamba kule hutafutwa jibu lililo tayari na huku hutafutwa jibu lililoiva, na hawakumpa mshairi wa gazeti lawama kwa kuwa hakuweza kujibu barazani kwa dakika moja. Ujuzi huo wa kusikiliza, wa kujua kwanza ni mchezo gani unaochezwa kabla ya kuuliza nani ameshinda, ni urithi ambao wahakiki wa michezo hawana budi kuuazima kwa wahakiki wa mashairi.

Hasara ya kipimo kibovu humwangukia nani? Humwangukia kwanza mzee. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichunguza wachezaji zaidi ya 3,300 wa StarCraft II, na mwaka 2014 wakaandika kwamba baada ya miaka 24 muda unaopita baina ya kuona jambo jipya kiooni na kutenda huanza kurefuka. Miaka 24! Kwa kipimo hicho baraza zima la Pangani lingefungwa. Lakini watafiti hao hao waliona kwamba wachezaji wakubwa kwa umri huifidia hasara hiyo: huitumia mitambo ya mchezo kwa uangalifu zaidi, na hurahisisha mambo yasiyohitaji kuwa magumu. Walikuwa wameonyesha pia, mwaka 2013, kwamba dalili itengayo mchezaji bora na mchezaji wa kawaida hubadilika kutoka daraja hadi daraja. Kinachomtofautisha mwanafunzi na mwanafunzi mwenzake sicho kinachomtofautisha bingwa na bingwa. Mpimaji wa namba moja hupima ngazi ya chini na kuiita ngazi nzima.

Humwangukia pili kijana. Akiambiwa kwamba ubingwa ni mkono, ataufundisha mkono. Atakuwa hodari wa kutia komwe kwa mlio wa kupendeza, na watazamaji watamsifu, na sifa zitamzuia asitulie kabla ya kugusa kete. Hakuna mwalimu wa bao asiyemjua mwanafunzi wa namna hii. Ni mgumu kumponya kuliko mzito, kwa kuwa mzito anajua kwamba hajui.

Mwaka 1995 mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alichapisha kitabu juu ya mabingwa wa bao wa Unguja, alichokiita kwa maana ya mipaka ya akili. Katika majaribio yake walikuwamo mabingwa waliocheza bila kulitazama bao. Mchezo wa namna hiyo humtaka mchezaji ataje kwa ulimi shimo na upande, kisha akae na mashimo 32 na kete 64 kichwani mwake, azifuate zikizunguka, zikila na kulala, na akumbuke zilivyobaki mpaka zamu yake irudi. Mlio wa komwe haupo. Vidole havina kazi, na mwenye saa aliyekuja kuhesabu kete kwa dakika atakaa saa nzima mbele ya mtu aliyepakata mikono, akimwona anafumba macho kidogo, anataja shimo moja, na kunyamaza tena.